Mia Tatu za Nyoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kokoto kumi. Nilikuwa nimetoka mafunzo ya awali, najua kulenga shabaha na kupiga saluti, nikapangiwa kitengo cha ramani na upimaji nikidhani nimepata kazi ya kukaa mezani na penseli. Mkufunzi wetu alikuwa Afisa Mteule mmoja wa Tunduru, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo. Alitupanga mstari kando ya barabara ya vumbi, akatugawia kokoto kama anayegawa karanga.

"Tieni mfuko wa kulia," akasema. "Haya, bismillahi, tembeeni mpaka nguzo ile. Hesabuni mguu wa kushoto tu. Atakayekimbia namrudisha, na atakayejikongoja namrudisha."

Kutoka pale hadi nguzoni zilikuwa mita mia moja kamili. Mguu wangu wa kushoto ulikanyaga mara sitini na nne. Namba hiyo nimekaa nayo maisha yangu yote, na mpaka leo naikumbuka kuliko namba yangu ya simu. Kwenye kilima inakuwa sabini, kwenye matope sabini na mbili, na ukibeba redio mgongoni unaongeza mbili nyingine. Kila mita mia zikitimia, kokoto moja inahama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na mhesabuji anapaza sauti: "Mia ya kwanza!" "Mia ya pili!" Kokoto zote kumi zikihama ni kilomita moja, unaanza kuzirudisha, lakini hesabu ya kinywani inaendelea. Hivyo kundi zima linajua limetembea umbali gani, hata kama mhesabuji ataanguka shimoni.

Sheria nyingine ilikuwa kwamba anayehesabu hasemeshwi. Haombwi maji, hasalimiwi, haitwi. Ukimsemesha akapoteza hesabu, kundi zima linarudi mwanzo. "Hata nyuki wakiwatokea," alisema Afisa Mteule, "mwache kwanza amalize mia yake." Tulicheka, ila alikuwa hatanii. Wiki ile mwenzetu mmoja alimwomba mhesabuji kiberiti, tukarudishwa kilomita nne kwa miguu.

Siku ya pili tulipewa ramani. Alitukataza kutazama katikati, penye mito na vilima. Kazi, alisema, inaanzia pembezoni. Tukasoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza: jina la karatasi, namba yake, kipimo, mwaka wa kuchapwa, na kaskazini tatu. Kaskazini ya kweli ndiko iliko ncha ya dunia. Kaskazini ya gridi ni ile ya mistari iliyochorwa kwenye karatasi. Kaskazini ya sumaku ndiyo sindano ya dira inakoelekea, nayo husogea kidogo kidogo miaka inavyopita, kwa hiyo bila kujua mwaka wa ramani huwezi kusahihisha dira yako. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, kulikuwa na kimstari kingine kinachotaja kianzio cha vipimo. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono.

"Afande, na hiki cha chini?"

Akainama, akakitazama, akainuka. "Hicho cha wachapaji, Nyoni. Kingekuwa chako, kingeandikwa kwa herufi kubwa."

Wenzangu wakaangua kicheko. Sikukiulizia tena kimstari kile kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nakitaja mapema kwa sababu kwa ajili yake mtu alikatwa mguu, na ofisa mmoja kijana alibebeshwa lawama isiyokuwa yake. Mkuu wa chuo chenu aliyeniomba niwaandikie ninyi kuruti alitaka nieleze jinsi dira na ramani zilivyo imara kuliko vifaa vya setilaiti. Anajua nilikuwa mtu wa dira. Nimemwambia nitaandika nilichokiona, naye akakubali.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mpakani, kusini, doria za kando ya Mto Ruvuma. Huko nilijifunza kujitafuta. Ndivyo tulivyokiita kitendo cha mtu asiyejua alipo kulenga dira kwenye vilima viwili anavyovitambua, kisha kuchora mistari miwili ya kurudi kwenye ramani. Inapokatana ndipo alipo. Ukilenga vilima vitatu unapata pembetatu ndogo, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo ulivyo mkweli. Mkuu wa kituo, Kapteni, alikuwa akizipima pembetatu zetu kwa shilingi. Ikifunikwa na sarafu unakwenda kula. Isipofunikwa, unarudi juu ya kilima na njaa yako.

Kutoka huko nilihamishiwa kundi la upimaji chini ya Kapteni mwingine, mtu wa theodolaiti, ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia pembe. Tulipanda vilima na magunia ya saruji kujenga na kukarabati bikoni, nguzo fupi ambazo wapimaji wote huzitegemea. Nilikuwa na haraka ya ujana. Siku moja upande wa Namtumbo nilisoma pembe moja kinyume, nguzo ikasimama katikati ya shamba la tumbaku. Mwenye shamba alikuja asubuhi na jembe begani, akaizunguka mara mbili.

"Afande, shikamoo. Huyu mgeni wenu, nimpalilie au anajipalilia mwenyewe?"

Kapteni hakunigombeza. Aliniagiza niing'oe mwenyewe kwa mtaimbo, peke yangu, huku mwenye shamba akiwa ameketi pembeni akinitazama. Baada ya hapo nilisoma kila pembe mara tatu. Nasema haya ili msidhani nilikuwa mvivu au mzembe. Nilikuwa mmoja wa waangalifu sana katika kitengo chetu, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kunisahihisha.

Nilipopanda kuwa Sajini nilirudishwa kikosini Songea kufundisha. Niliwafundisha askari wengi kutumia dira kwa kuwaonyesha milima ya Matogoro, kuhesabu mguu wa kushoto na kusoma pembezoni. Nilipofika kwenye kimstari cha chini niliwaambia, "Hicho cha wachapaji." Walicheka palepale nilipochekwa mimi. Waliniita Mzee wa Dira kabla sijafikisha umri wa kuitwa mzee, na mimi nilipenda.

Kisha vikaja vifaa vya setilaiti. Vya kwanza vilikuwa vinne kwa kikosi kizima, vizito kama tofali la kuchoma, na vinameza betri. Vililetwa na Luteni mmoja kijana aliyetoka kozi ng'ambo. Alikuwa mpole, mwenye miwani, anayesema "samahani" hata kwa kuruti. Kifaa kinasikiliza setilaiti kadhaa angani, alitueleza, na kwa kulinganisha muda ambao kila ishara imechukua kufika, kinajua umbali wa kila moja na hivyo kinajua kilipo. Kinatoa jibu kwa namba zilezile za mashariki na kaskazini zilizoko kwenye ramani. Ndivyo sote tulivyoamini, hata yeye.

Sikukipenda. Chini ya miti minene kilikuwa kinapoteza setilaiti na kuzunguka bila jibu. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Nilikuwa nikiwaambia askari mbele ya Luteni, "Dira haijawahi kuniomba betri." Yeye alitabasamu tu na kufuta miwani yake. Leo naona nilikuwa namwonea, na nilijua hivyo hata wakati ule.

Siku ya mguu ilikuwa katikati ya masika. Tulikuwa tumepiga kambi kwenye msitu upande wa Namtumbo kwa mazoezi ya doria. Koplo Saidi na askari wake mmoja walitangulia alfajiri na kifaa kimoja na redio, wakague vivuko vya mto. Saa nne asubuhi redio ya kambini ikakoroma. Alikuwa yule askari, akihema.

"Koplo kaumwa na kifutu! Juu ya buti! Hawezi kukanyaga. Nimempumzisha karibu na mto, nimepanda mlimani nipate mawimbi. Andikeni namba!"

Akazisoma namba za kifaa alizokuwa ameziandika kiganjani pale alipomwacha Koplo, mara mbili, vizuri kabisa. Tulipomwuliza yuko ng'ambo gani ya mto, redio ilikuwa imekwisha betri. Naye aliposhuka mlimani alipotea kwenye mvua, kwa kuwa kifaa alikiacha kwa Koplo, akaja kutokea barabara ya Hanga jioni ile, mzima.

Kifutu ni nyoka mnene, mzito, anayelala njiani. Sumu yake haimuui mtu upesi, ila inaozesha nyama. Kila saa inayopita ni nyama inayokwenda. Mganga wa kambi alituambia hivyo tukifunga mikanda, na kwamba dawa ilikuwa hospitali, mjini. Kila mtu katika kundi letu la watu wanane alijua tunakimbizana na nini.

Mkuu wa kundi alikuwa Luteni. Mwongozaji nilikuwa mimi. Niliweka namba kwenye ramani, nukta ikaangukia ng'ambo ya kusini ya mto, kama mita mia mbili kutoka ukingoni. Nikachukua pembe, nikasahihisha sumaku, nikatia kokoto mfukoni. Luteni aliingiza namba hizo hizo kwenye kifaa chake, lakini miti ilikuwa imefunga na mvua inanyesha, kifaa kikazunguka tu bila jibu. Akakitia ndani ya koti.

Nilihesabu vizuri. Naweza kusema sikuwahi kuhesabu vizuri kuliko siku ile. Nilipaza sauti kila mia, juu ya kelele ya mvua, na hakuna aliyenisemesha. Tulifika ukingoni mia ya sitini na moja, pale pale nilipotarajia, kwenye kona ya mto niliyoiona kwenye karatasi. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye vichaka. Asubuhi doria ingeweza kuvuka kwa kukanyaga mawe. Sasa mawe hayakuonekana.

Ilituchukua saa nzima na zaidi kuvuka. Mtu mmoja aliogelea na kamba, akaifunga kwenye mti, tukapita mmoja mmoja, machela tukaivuta juu ya maji. Ng'ambo ya pili nikahesabu tena hadi kwenye nukta. Palikuwa na nyasi ndefu na kichuguu. Tukajipanga mstari, tukaanza kupekua, tukiita jina lake.

Tulikuwa hatujapekua nusu saa mlio wa risasi ukasikika. Mmoja tu. Askari aliyekuwa kulia kwangu aligeuka.

"Afande, umetoka nyuma yetu. Ng'ambo tulikotoka."

"Hilo bonde linazungusha sauti," nikamjibu. "Mlio hauna gridi."

Luteni alikuja amekishika kifaa mbele yake kwa mikono miwili. Pale kwenye nyasi palikuwa wazi, na kifaa kilikuwa kimeamka.

"Sajini, kinaonyesha tumepita. Mita mia tatu na kidogo, kaskazini."

"Kaskazini ni ng'ambo ile, Afande."

"Ndiyo. Na mlio pia."

Askari wote walikuwa wanatutazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya ramani, na ramani ilikuwa sahihi, hesabu sahihi, kona ya mto sahihi. Nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote: "Afande, hicho kifaa kimelala tangu asubuhi. Sasa kimeamka na ndoto zake, na wewe unataka tuvuke mto kwa ndoto?"

Wawili watatu walicheka. Luteni aliona haya, akafuta miwani kwa kidole. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita hivi, mimi nilikuwa Mzee wa Dira. "Basi tuendelee huku kidogo," akasema.

Kidogo hicho kilikuwa karibu saa mbili. Tulipekua kila kichaka upande ule. Saa kumi na nusu Luteni alikunja uso, akatoa amri, bila kunitazama: "Tunarudi ng'ambo. Kila mtu kwenye kamba." Kifaa kilikuwa kinashika setilaiti kwa vipande vipande, akakifuata kila kilipoonyesha. Tulimkuta Koplo Saidi dakika kumi baada ya kutoka majini, ameegemea mti, bunduki mapajani. Palikuwa kama mita themanini kutoka kwenye njia tuliyokuja nayo mchana. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, mweusi, na alikuwa anatetemeka. Alifungua macho, akaniona, akasema, "Afande Nyoni," kisha akazimia.

Hospitali mjini Songea walimkata chini ya goti. Daktari alisema angefikishwa saa nne kabla ya pale, pengine wangeuokoa. Alisema pengine. Mimi nimeishi na saa nne zile, na lile neno pengine halijanisaidia.

Kamanda wa kikosi alituita ofisini, Luteni na mimi, tukasimama wima mbele ya meza yake.

"Kwa nini mlivuka mto?"

"Uamuzi ulikuwa wangu, Afande," Luteni akasema.

Kamanda alinigeukia. "Sajini, wewe ndiye mtaalamu. Kulitokea nini?"

"Kifaa kilikuwa kinababaika, Afande."

Hilo lilikuwa kweli. Kilibabaika asubuhi nzima. Sikusema kwamba kilipoacha kubabaika kilisema mahali Koplo alipo, na mimi nikakitania mbele ya askari. Luteni alikuwa kando yangu, alisikia, macho mbele. Ripoti ikaandikwa kwamba ofisa kiongozi alitegemea kifaa ambacho hakijazoeleka. Kozi ya pili aliyokuwa ameandikiwa ikafutwa, akahamishiwa ghala la sare na buti katika mkoa mwingine. Vifaa vile vinne vikafungiwa kabatini mwaka mzima.

Sasa mngependa kujua ramani sahihi na kifaa sahihi viliwezaje kupingana kwa mita mia tatu. Hata mimi nilitaka kujua, ingawa nilichelewa kuuliza. Mwaka uliofuata nilikuwa darasani, nawaonyesha kuruti pembezoni, na mmoja wao, binti wa Mbinga mwenye macho makali, akanyoosha mkono na kuuliza kimstari cha chini kina maana gani. Nilifungua kinywa kusema ni cha wachapaji. Nilikumbuka kwamba nilishawahi kuwa mimi niliyenyoosha mkono.

Nikampelekea ramani Kapteni wa upimaji, yule wa bikoni, ambaye sasa alikuwa Meja. Alisoma kimstari mara moja tu.

"Nyoni, dunia si mpira wa duara kamili," akasema. "Kabla hujaipima unachagua umbo lake, na unachagua pa kuanzia. Hicho ndicho kianzio. Waliochora karatasi hii walichagua chao cha zamani, kinachofaa huku kwetu. Watu wa setilaiti wana chao, cha dunia nzima. Mahali ni palepale ila namba zinatofautiana."

"Kwa kiasi gani, Afande?"

"Kwa huku kwetu? Karibu mita mia tatu, kaskazini na kusini. Ukichukua namba ya kifaa ukaiweka kwenye karatasi ya zamani bila kuisahihisha, nukta yako inaangukia kusini mno."

Nilimwomba ruhusa nikae. Alinipa maji. Nadhani alielewa, maana kisa cha mguu kilijulikana jeshi zima, lakini hakuniuliza, na mimi sikujieleza.

Kuanzia siku ile nilifundisha sheria mpya. Namba ikitoka kwenye kifaa kwenda kwenye karatasi ya zamani, panda mita mia tatu kaskazini na rudi kidogo magharibi, ndipo uweke nukta. Au, vizuri zaidi, ingia kwenye mpangilio wa kifaa ukilinganishe na kianzio kilichoandikwa pembezoni. Vifaa vikatolewa kabatini. Ramani na setilaiti vikaanza kusemezana, na askari wakaipa sheria ile jina: mia tatu za Nyoni. Ikasambaa kwenye vikosi vingine. Kamanda mpya alinisimamisha mbele ya gwaride, akanisifu kwa ubunifu, akanipa cheti. Nikapandishwa kuwa Afisa Mteule. Nilipokea kwa mikono miwili, na nikakitundika cheti sebuleni kwangu Ruhuwiko. Kwa miaka yote iliyobaki nilifundisha sheria ile bila kusema imetoka wapi.

Nilistaafu kwa heshima zote, na fimbo yenye nembo. Nikaanza kulima mahindi na kufuga kuku. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, jambo ambalo jeshini halikuwepo. Siku hizi kijana wa bodaboda anatazama simu, anakwenda moja kwa moja hadi mlangoni mwa mteja asiyemjua, na hajawahi kuona ramani ya karatasi. Sina ugomvi naye. Ila mkuu wa chuo aliponiomba niandike kwamba ya zamani ndiyo bora, niliona siwezi kuandika hata mstari mmoja kabla sijakwenda Bombambili.

Koplo Saidi ana karakana ya baiskeli kule. Nilikuwa nimewahi kupita mara nyingi kwa mbali. Safari hii nilisimama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu wa bandia umenyooshwa mbele, ananyoosha ringi iliyopinda. Aliponiona akataka kuinuka.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa, Saidi, kaa."

Nikamweleza yote, nimesimama, kama mbele ya Kamanda: nukta, mlio, kifaa, ndoto, kimstari, na nilivyojibu ofisini. Yeye aliendelea kuizungusha ringi taratibu, akiitazama inavyoyumba. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Luteni umeshamwambia?"

"Bado."

"Ungeanza na yule." Akakaza spoki moja. "Mimi mguu nimeuzika, Alhamdulillah, nina watoto wanne. Yule hajui mpaka leo kama alikosea."

Nilidhani tumemaliza. Nikaomba radhi, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akaacha ringi.

"Afande, siku ile niliwasikia mkija."

"Wakati wa kurudi?"

"Hapana. Mchana, mlipopita kwenda mtoni. Nilikuwa naita tangu asubuhi, sauti imekauka, ila ilikuwa bado ipo. Nikasikia, 'Mia ya sitini!' Nikaijua sauti yako. Nikasema, basi nimepona, huyo ni Afande Nyoni." Alicheka kidogo, bila uchungu. "Nikanyamaza. Nikajiambia, nisimwite, nitamvuruga hesabu. Akimaliza mia yake atanifikia."

Nilishika mpini wa baiskeli ya mtu iliyokuwa karibu, na nililia mbele ya karakana yake, mchana, watu wakipita. Saidi akaniletea kigoda.

Nimeshaandika maelezo yangu kwa ofisi inayohusika, kwamba siku ile ofisa kiongozi alisoma kifaa sawasawa na aliyempotosha ni mimi. Nakala nimempelekea mwenyewe Luteni, ambaye alistaafu akiwa Kapteni. Alinijibu kwa ujumbe mfupi wa simu: "Nimesoma, Mzee Nyoni. Ahsante. Nimemsomea na mke wangu." Sijui kama ofisi itarekebisha chochote baada ya muda wote huu. Cheti nimekishusha ukutani.

Kwa hiyo, kuruti, jifunzeni dira, maana betri huisha. Jifunzeni setilaiti, maana macho huchoka. Someni pembezoni mpaka kimstari cha mwisho. Na ile sheria niliyofundishwa siku yangu ya kwanza, nikawafundisha mamia ya watu waliowatangulia, naomba iishie kwangu. Anayehesabu akikupita, mwite.